Shira ya Miti ya Muhanna

Karibu na Ottawa, Kanada
24 Februari 2025

Dada yangu Kheiria,

Salamu nyingi, na Ramadhani inayokuja iwe ya kheri kwako, kwa mwanao Murshid na mkewe Rawan. Umeniambia niandike kwa sababu kwenye simu tunalizana tu, wewe huko, mimi huku, mwisho tunakata bila ya kuambiana lolote. Basi naandika. Karatasi nitazipiga picha nimtumie Rawan, akukuzie kwenye simu yake usome mwenyewe, maana Kiswahili cha mkaza mwanao kinaishia kwenye "karibu" na "asante".

Utacheka nikikwambia ninachofanya. Natoboa miti. Unakumbuka shemeji yako Muhanna alivyokuwa akitusimulia habari za miti yetu ya meipo, ile yenye jani lililo kwenye bendera yao? Kila mwaka theluji ikianza kulegea, alikuwa akiitoboa, anakinga maji yake, anayapika mpaka yanakuwa shira. Miaka yote hiyo kazi yangu mimi ilikuwa kuosha chupa na kumpigia kelele aingie ndani. Tangu alipofariki Oktoba nilikuwa sitoki ila kwa lazima, na uwani kwenye miti yake sikanyagi. Juzi asubuhi nikasikia matone yanashuka kutoka kwenye paa. Barafu inayeyuka. Nikajua wakati umefika, na hakuna wa kutoka ila mimi.

Nikachukua keekee yake. Unatoboa tundu dogo, kina cha kidole, liwe limeinuka kidogo kuelekea ndani ili maji yateremke. Unagongomea mrija wa chuma, unatundika ndoo, unaifunika. Mti wa kwanza nilikosea, nilitoboa mahali palipokufa, hapakutoka kitu. Wa pili, dada, nilipochomoa keekee tu, tone likashuka. Nikalikinga kwa kidole nikalilamba. Ni maji matupu, lakini yana utamu wa mbali sana, kama kikombe kilichokuwa na sukari jana.

Umeniuliza tena nitakuja lini Maskati. Ngoja kwanza msimu huu wa maji uishe.

Mdogo wako,
Mahbuba


Al Amerat, Maskati
3 Machi 2025, Ramadhani 3

Mahbuba mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma baada ya futari. Rawan kaniona nacheka, akataka nimfasirie. Nikamwambia kwa Kiarabu kuwa khale, mama mdogo wa mumewe, anakamua miti. Kanitazama kama mtu aliyepigwa na jua.

Nna swali. Ndoo ngapi za maji zinatoa ndoo moja ya shira? Mimi nikishakaanga kaimati, kwa shira yake natia sukari na maji, hiliki, zafarani, na limau kidogo isigande. Nikiona inavuta uzi baina ya vidole, nimemaliza, hata adhana haijafika. Wewe unasimama kwenye theluji kutwa nzima. Sukari imekwisha Kanada?

Nakutania. Nilipokuwa nasoma nilimkumbuka Muhanna mlipokuja mara ya mwisho, alivyokaa jikoni kwangu akimweleza marehemu mume wangu Badr habari za miti hiyo mpaka chai ikapoa. Mlipoondoka Badr akaniuliza, huyu shemeji yetu kule kaajiriwa na serikali au na mti? Leo wote wawili hawapo, na sisi ndio tuliobaki kuwasimulia.

Chumba chako kiko tayari, cha upande wa mlimani, hakipigwi na jua la jioni. Pazia nimekwenda Hamriya kuzichagua mwenyewe, na udi nimeununua Matrah kwa yule yule tuliyekuwa tukinunua kwake tulipokuwa wasichana wageni kutoka Unguja, sasa anauza mwanawe. Usidhani utakuja kukaa na upweke. Nyumba hii imejaa watu, Murshid na Rawan na wageni wao, hata pa kuweka kikombe sina. Hutakosa wa kusema naye.

Uza nyumba, uje. Mtu hazeeki katika nchi ambayo hakuna hata mmoja anayelijua jina la mama yake.

Dada yako,
Kheiria


Karibu na Ottawa
12 Machi 2025

Dada Kheiria,

Nimeunguza sufuria.

Niliwasha moto uwani kati ya matofali, kama alivyokuwa akifanya yeye. Ndani haipikwi, mvuke wake unabandua rangi ukutani. Unamimina maji ya miti, unachochea kuni, yakipungua unaongeza mengine. Umeuliza ndoo ngapi. Ni kama ndoo arubaini kwa moja. Kutwa nzima unautazama moshi tu, na maji yanageuka rangi polepole hata huoni yamegeuka saa ngapi. Magharibi niliingia ndani kufuturu, tende na maji, nikaswali upesi. Niliporudi nikakuta povu limepanda na kumwagika, na chini pameshika. Nyeusi, chungu kama dawa. Muhanna alikuwa akitia tone la samli povu linapopanda. Nililikumbuka hilo sufuria ikiwa imeshaungua.

Nilikaa kwenye kigogo chake nikalia kwa sauti, maana hakuna wa kunisikia. Kisha nikaisugua sufuria kwa theluji, na siku ya pili nikaanza upya. Safari hii nilimwomba jirani yangu, bibi wa Kikanada, ashike mwiko nikienda kuswali. Ilipofika wakati shira haidondoki tena tone tone bali inashuka kwenye mwiko imeshikana kama pazia, nikaipua, nikaichuja kwa kitambaa cha sufu. Nimepata chupa mbili. Rangi yake ni ya chai kavu, isiyotiwa maziwa.

Nikwambie jambo, na usinijibu kuwa ni wazimu. Niliposimama pale, moshi unaniingia machoni, nilihisi yuko nyuma yangu ananiambia nisikoroge sana. Alikuwa akivaa kofia yake ya Kiomani na juu yake anapachika kofia ya sufu, watoto wa jirani wakimcheka, naye anacheka nao. Ndani ya nyumba simhisi. Pale kwenye moto ndipo ninapomhisi.

Pazia nimeziona kwenye picha, zimependeza. Mambo ya safari tutazungumza msimu ukisha.

Mahbuba


Al Amerat
17 Machi 2025

Mahbuba,

Kila nikikwambia njoo, unanijibu ndoo.

Nimesoma barua yako na sikuweza kulala. Umri wetu si wa kubeba maji juu ya barafu. Ukianguka nani atakuinua? Huyo bibi wa Kikanada aliyekushikia mwiko? Utalala humo kama paka aliyesahauliwa mpaka mtu apite aone mlango umefunikwa na theluji. Hayo ndiyo ninayoyaona nikifumba macho, na nimechoka kuyaona.

Muhanna kafa, mdogo wangu. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, lakini kafa, na miti haitamrudisha. Sisi tumekuonea huruma, tumekuwekea chumba, tumekufungulia mlango. Mtu anayefunguliwa mlango haulizi upepo unatoka wapi. Acha ukaidi.

Kheiria


Karibu na Ottawa
19 Machi 2025

Dada,

Mimi si paka, na sikuomba kufunguliwa mlango wowote. Nchi hii nimeishi zaidi ya nusu ya umri wangu. Nimefundisha watoto wao, nimezika mume wangu ndani ya ardhi yao, na kuni zangu nazipasua mwenyewe. Ikiwa huruma ndiyo iliyokufanya ununue pazia, zitundike chumba chengine.

Nihurumie kwa dua, inatosha. Ndoo zimejaa, natoka.

Mahbuba


Al Amerat
2 Aprili 2025

Khale Mahbuba,

Nabusu mikono yako, na Idi njema ijapokuwa imeshapita. Mimi Murshid. Kiswahili changu ni cha kusema zaidi kuliko cha kuandika, kwa hiyo nikikosea usinicheke.

Mama hajui kuwa nakuandikia. Barua yako ya mwisho Rawan alimpelekea kama kawaida. Aliisoma jikoni, akaizima simu, akaendelea kukata vitunguu. Tangu siku hiyo hakutaja jina lako. Siku ya Idi wageni walikuja, akawapa haluwa na kahawa, akakaa nao mpaka wakaondoka, na kaimati hakupika. Unajua nyumba yetu haijapata kupita Idi bila ya kaimati.

Kuna jambo hakukwambia, na nadhani ni haki yako ulijue. Mimi nimehamishwa kikazi Salalah, kusini kabisa. Tunaondoka baada ya Idi ya Hija, mimi na Rawan. Tulimwomba Mama twende naye, nikamwonesha picha za nyumba, bustani, hewa ya baridi. Kakataa. Anasema Salalah kuna mvua. Nikamwambia basi Mama utabaki peke yako katika nyumba yenye vyumba vitano, akasema Mahbuba anakuja.

Nilimuuliza, "Mama, khale anajua kuwa sisi tunaondoka?"

Akanijibu, "Nikimwambia atakuja kwa kunionea huruma. Nataka aje kwa kunitaka."

Sisemi uje wala usije. Nimeona tu kuwa nyinyi wawili mnagombana kwa mambo ambayo hamkuambiana.

Mwanao,
Murshid


Karibu na Ottawa
5 Aprili 2025

Dada yangu Kheiria,

Murshid kaniandikia. Usimkasirikie, kafanya alichofanya mwana mwema.

Uliniambia nyumba imejaa watu hata pa kuweka kikombe huna. Nimeirudia barua ile tena, na sasa nikiisoma nakuona umekaa peke yako mezani na vikombe vyote viko kabatini. Kwa nini hukusema? Ungeniandikia, Mahbuba naogopa kubaki peke yangu, ningekuwa nimeshapanda ndege. Wewe ukaandika tumekuonea huruma, na mimi nikasikia huruma tu.

Lakini na mimi nimekuficha. Msimu wa maji umekwisha. Umekwisha tangu juma lililopita. Machipukizi yakianza kuvimba, maji yanabadilika, ukiyapika yanatoa harufu ya majani mabichi, hayafai tena. Niliichomoa mirija yote, nikaosha ndoo nikazipanga bandani. Kisababu changu kikawa kimekwisha, na bado nilikaa kimya, kwa sababu sikuwa na uwongo mwengine.

Ukweli ni huu. Muhanna kazikwa mwendo wa nusu saa kutoka hapa, sehemu ya Waislamu, kwenye makaburi ya pembeni ya mji. Hatuna watoto. Hana ndugu katika nchi hii. Kila Ijumaa naendesha gari mpaka kwake. Majira ya theluji makaburi yote yanafunikwa, hulioni jiwe, na mara nyengine nimefukua kwa mikono nikakuta ni la mtu mwengine, nikamsalimia huyo huyo, nikahamia la pili. Nikija Maskati, nani atamfukulia theluji? Nani atasimama pale amwite kwa jina lake lilivyo, si kama wanavyolitamka hapa?

Sikuweza kukuandikia hayo. Nilijua utaniambia maiti hana haja ya mtu, ana haja ya dua, na dua inafika popote. Najua inafika. Mimi ndiye nisiyefika.

Kuna jamaa wa Kiomani amemaliza masomo Ottawa anarudi nyumbani. Nimempa chupa moja akuletee, ya mwisho wa msimu, nyeusi zaidi, ndiyo Muhanna akiipenda. Usiitie hiliki.

Mdogo wako,
Mahbuba


Al Amerat
14 Aprili 2025

Mahbuba mdogo wangu,

Chupa imefika. Yule bwana kaileta mwenyewe mpaka mlangoni, kaifunga kwa fulana tatu. Nimepika kaimati leo, hapana Ramadhani hapana Idi, nimepika tu. Nimeimimina shira yako juu yake bila ya hiliki kama ulivyoniamrisha. Ina moshi, na ina ladha ya kitu kama ubani uliozimika, na utamu wake hauna haraka. Rawan kalamba sahani. Chupa nimeificha nyuma ya mchele.

Sasa nikujibu.

Salalah sikukataa kwa ajili ya mvua. Mvua naipenda, nani aliyezaliwa Unguja akaichukia mvua? Nimekataa kwa sababu Badr yuko hapa nyuma ya mlima. Kila Ijumaa Murshid akitoka msikitini ananipeleka. Nakaa garini kwanza, kwa sababu ya jua, kisha nateremka. Namweleza habari za nyumba. Namweleza bomba lililovuja, namweleza nani kaoa. Murshid anajifanya anazungumza na simu ili nisione haya. Nikihamia Salalah, ni mwendo wa siku nzima kwa gari. Sikumwambia mwanangu hivyo, maana atajiona kanitenga na baba yake, naye kazi hakuiomba.

Basi ona tulivyo. Mimi nakwambia miti haitamrudisha Muhanna, na mwenyewe namwendea Badr kumpa habari za bomba.

Nimefikiri siku nyingi. Hao wawili hatuwezi kuwahamisha. Wewe huwezi kumwacha wako, mimi siwezi kumwacha wangu. Lakini hakuna mwanamke aliyekatazwa kusafiri. Wakati Badr yuko hai aliwahi kwenda kazini Duqm miezi, akaniacha, nikamngoja. Sasa na yeye atanisubiri.

Ntakuja Februari, inshaallah, miti inapofunguka. Nguo za baridi sina, sijui zinauzwa wapi Maskati, niandikie ninunue nini. Murshid anadhani nafanya mzaha. Rawan kaamini, keshaanza kunifunza kuvaa soksi mbili.

Sikuji kwa kukuonea huruma. Nakuja kwa sababu nna hamu na wewe mpaka mifupa inaniuma.

Dada yako,
Kheiria


Karibu na Ottawa
3 Novemba 2025

Dada yangu,

Theluji ya kwanza imeanguka jana. Nimeitazama dirishani na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana sikuichukia.

Usinunue chochote isipokuwa soksi. Makoti yapo, la Muhanna litakufika magotini, utavaa hilo. Niandikie una hali gani sasa nyumbani, lakini niandikie kweli. Usiniambie imejaa watu.

Nakungoja. Neno hili nilikuwa nimelisahau lilivyo zito.

Mahbuba


Karibu na Ottawa
4 Aprili 2026

Mwanangu Murshid,

Wewe na Rawan mko salama? Mimi mzima, pua tu imebabuka. Umelalamika kuwa kwenye simu nasema "kuzuri" na "alhamdulillah" na kukata. Nilikuwa na kazi. Leo nakuandikia barua, uisome huko Salalah kwa utulivu.

Khale wako alinipokea uwanja wa ndege. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ndani ya ndege. Nilipomwona, kakonda, nywele nyeupe tupu, nikamwuliza tu kama amekula. Tulikaa garini mpaka mtu akatugongea kioo tuondoke.

Ramadhani yote tumefunga na kupika maji ya miti. Nilidhani nitamsaidia, kumbe siku za mwanzo nilikuwa namtia hasara. Nimemwaga ndoo nzima kwa kuteleza. Nimetaka kutia hiliki akaninyang'anya mwiko, tukagombana pale pale kwenye moto kwa sauti, mpaka bibi wa jirani akatoka kutazama. Baadaye nikajua kupima mwenyewe. Sitazami uzi tena, natazama inavyoshuka. Sufuria ya Idi niliipua mimi, na Mahbuba akachukua kitambaa akaanza kuchuja. Kwa huyu, hayo ndiyo makofi.

Ijumaa ya kwanza alinipeleka kwa Muhanna. Theluji ilikuwa mpaka magotini. Alikwenda moja kwa moja, akapiga magoti, akaanza kufukua. Nikapiga magoti upande wa pili nikafukua naye, mpaka jina likaonekana. Nikamtolea salamu, nikamwita Muhanna kama tulivyokuwa tukimwita nyumbani, nikamwambia Badr bado anacheka habari ya kuajiriwa na mti. Nyuma yangu nikasikia Mahbuba analia. Si kilio cha simu. Kilio cha mtu aliyekuwa amebeba kitu peke yake, akapata wa kushika upande wa pili.

Sasa theluji imebaki kwenye vivuli tu. Machipukizi yamevimba, juzi tumechomoa mirija. Jiwe la Muhanna liko wazi, halihitaji wa kulifukulia mpaka mwezi wa kumi na mbili.

Hilo mimi sikulisema. Nimekaa siku zote hizi na ulimi wangu nimeukalia, kwa sababu mara ya mwisho niliposema njoo, nusura nimpoteze. Jana alisimama mbele ya kaburi muda mrefu kuliko kawaida, akamwambia jambo kwa sauti ndogo, sikusikia na sikuuliza. Tuliporudi nyumbani akapanda kiti, akateremsha begi kubwa lililokuwa juu ya kabati, akalifuta vumbi, akaliacha sakafuni. Leo asubuhi bado liko pale pale, limefunguliwa, na ndani yake kuna gauni moja jepesi la nchi ya joto.

Ndege yangu ni Alkhamisi ijayo. Umesema utachukua likizo uje Maskati kunipokea na kuifungua nyumba. Ukifika, fungua madirisha yote ya chumba cha upande wa mlimani kipate hewa.

Tandika vitanda viwili.

Mama yako,
Kheiria